Mtori wa mzee wa karibu na stesheni, Moshi: uzoefu wangu

Mara ya kwanza kula pale nilikuwa kidato cha kwanza. Mjomba alikuwa amenitoa shule kwenda kung'oa jino, na baada ya hapo sikuweza kutafuna kitu. Akasema twende kwa mangi ukanywe mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Sasa nina watoto wangu, na mimi ndiye ninayewapeleka.

Mgahawa hauna kibao. Unatoka Mnara wa Saa ukielekea stesheni ya reli, unauliza "kwa mzee wa mtori", utaonyeshwa. Meza sita, mabenchi, kalenda ya mwaka juzi ukutani. Mama anachukua oda, binti yao anasukuma chapati, kijana wao anakaa kaunta na lipa namba yake. Mzee yuko jikoni.

Ukimkuta ametulia atakusimulia. Alianza kwa kuosha vyombo kwenye hoteli ya mtu, akajifunza kupika kwa kuchungulia, kisha akafungua kibanda cha chai cha kuwauzia abiria wa treni. Treni ya abiria ilipoacha kuja, akahamia kwa makondakta na wapiga debe, wasomeshaji wakubwa wa watoto wake hao. Treni iliporudi Desemba 2019 nilimuuliza kama amefurahi. Akasema, "Nimewasubiri mpaka chai imepoa."

Mtori wake ni wa ndizi mshare. Anazimenya amepaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, anazikwangua kwa kisu, anazipasua na kutoa kile kiini cha katikati. Nyama ya mfupa inakuwa imeshachemka peke yake kitambo. Ndizi zikiiva haziondoi motoni, anaziponda humohumo kwa mwiko, akizigandamiza ukutani mwa sufuria. Ndiyo maana ukinywa unakutana na vibonge vidogo vidogo, na mchuzi wa mfupa umeingia kila mahali. Mke wangu alipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka Kibosho na mtori wake. Siku mama mkwe aliyochoka nilimletea mke wangu mtori wa huyu mzee kwenye chupa ya chai. Mama mkwe alionja, akanyamaza, akaongeza bakuli. Kwa anayemjua, hiyo ni sifa kubwa.

Sasa lawama. Mwaka jana mzee aliumwa mgongo, kijana akaingia jikoni na blenda. Mtori ukatoka laini kama uji wa mgonjwa, unavutika kwenye kijiko, na nyama imewekwa juu kama mapambo. Nilimwambia, akanijibu wateja wa siku hizi wanapenda hivyo. Labda. Mimi niliacha nusu bakuli, jambo ambalo sijawahi kulifanya pale. Tena kwenye kipaimara cha mwanangu niliagiza machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, ya watu ishirini, ikaja ya watu kumi na sita, na hela ya wanne ilirudi baada ya wiki mbili za kupigiana simu. Enzi za mzee oda iliandikwa kwa chaki mlangoni na haikupotea.

Mzee amerudi, ila kwa siku chache za wiki, na anapika ameketi kwenye stuli. Binti ndiye anayeshika mwiko, yeye anaelekeza: "Gandamiza, usikoroge." Wiki iliyopita nilikunywa wa binti bila kuambiwa. Vibonge vilikuwepo. Chumvi ilizidi kidogo.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi, mtori huisha mapema. Mwishoni mwa Desemba, Wachaga wote wakiwa wamepanda kutoka Dar, jiandae kula umesimama. Choo kiko uani, nenda na karatasi yako. Na kabla hujakaa muulize mama, "Shikamoo mama, leo nani yuko jikoni?" Akisema kijana, agiza chapati na maharage.