Hosteli ya Kanisa Tukuyu: Malazi ya Anayerudi Kuwasalimu Washirika Wenzake

Anayerudi Rungwe kusali katika ushirika aliouhama hana budi kujibu swali moja kabla ya kukata tiketi: atalala wapi. Kwa desturi ya Wanyakyusa mgeni hulala kwa mwenyeji wake, na jambo huishia hapo. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi katika ushirika mmoja, akaimba kwaya na wenzake, akashinda nao misibani na kuchangia harusi za watoto wao, hana mwenyeji mmoja. Ana nyumba kumi, na akilala katika mojawapo, zile tisa zitajiuliza zimemkosea nini. Ninayoandika hapa ni tathmini ya hosteli ya kanisa iliyo pembezoni mwa mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, ambako nilifikia niliporudi kuwasalimu washirika wenzangu wa zamani wa Kimoravian wakati wa Jumapili ya mavuno. Jina la hosteli naliacha, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza zinawahusu wahudumu wachache ambao mji mzima unawafahamu.

Kufika si shida. Kosta za kutoka Mbeya hupitia Uyole na Kiwira, mwendo wa kilomita zipatazo 70 za lami, na kutoka stendi ya Tukuyu bodaboda hukufikisha getini kwa dakika chache. Linalohitaji maelezo ni kwa nini mji mdogo kiasi hiki una malazi ya makanisa. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Herrnhut, Ujerumani, walianzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wenzao wa Kilutheri wa Misioni ya Berlin wakaanza kazi katika nchi hiyohiyo ya Wanyakyusa. Ndiyo maana hadi leo Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian na Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina mizizi yao katika eneo moja, na semina, mikutano ya wachungaji na makongamano ya vijana na akina mama hayakatiki. Hosteli hii ilijengwa kwa ajili ya mikutano ya namna hiyo, wala haikumlenga msafiri wa peke yake, na ukilielewa hilo utaelewa pia karibu kila uzuri na kila udhaifu wake.

Chumba nilichopewa kilikuwa na vitanda vitatu, ingawa nililipia kitanda kimoja na hakuna aliyeongezwa. Sakafu ni ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa, shuka zilikuwa safi na zenye mikunjo ya pasi, na kila kitanda kilikuwa na mablanketi mawili mazito. Kwa mwezi wa Juni katika Tukuyu, mablanketi mawili si anasa. Maeneo mengi ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata masika yanapokwisha ukungu hushuka toka mlimani kila jioni, ukuta ukabaki na unyevu ambao mkono unauhisi. Kabati la mbao lilinuka uvundo kidogo, nami nikaona heri kuacha nguo begini. Usifue chochote ukitarajia kikauke kabla ya Jumapili. Nilimsikia mgeni wa chumba cha pili akiomba jiko la mkaa ili aanike soksi zake, na mhudumu akakataa kwa upole bila kusitasita. Alifanya vyema kabisa, kwa kuwa moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa umeua watu wengi katika mikoa hii ya baridi.

Maji ya moto yapo kwa namna mbili. Bafu lina hita ya umeme inayofanya kazi umeme ukiwepo, na umeme usipokuwepo unaagiza ndoo kutoka jikoni, ambako pipa la maji hukaa juu ya kuni tangu alfajiri. Ndoo ndiyo huduma ya uhakika zaidi. Ilifika mlangoni kwa wakati niliotaja, ikiwa na kata yake na maji ya baridi pembeni ya kuchanganyia, ilhali hita iliniacha na povu kichwani.

Chakula ndicho kinachoonyesha wazi kwamba jiko hili limezoea makundi. Wapishi wanaopika kwa masufuria makubwa hupata tabu na sahani moja, na mgeni asiyeagiza mapema atakula kilichobaki, au atasubiri hadi njaa imwishe yenyewe. Ukiagiza asubuhi kwa ajili ya jioni, mambo hubadilika. Nilikula wali wa Kyela wenye harufu yake ileile, maharage yaliyoungwa kwa kitunguu kingi, mboga za majani za bustani ya hapohapo, na parachichi ambalo hakuna anayekutoza kwa sababu huko hakuna anayefikiria kulitoza. Kifungua kinywa ni chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha au viazi vitamu. Wanaopenda mkate na mayai waseme jana yake. Ukutani katika bwalo imechorwa nembo ya Wamoravian, mwanakondoo aliyebeba bendera, na maneno yake, "Mwana-Kondoo wetu ameshinda, tumfuate," yamepakwa upya na mtu ambaye nafasi ilimwishia, hivyo neno la mwisho limebanwa kwenye kona.

Hata hivyo, sikwenda Tukuyu kutafuta hita wala wali. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kurudi kwa watu wake akiwa analala kwa kulipia, bila kuonekana ameringa. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kunitembelea jioni ya kwanza alisimama barazani na mkungu wa ndizi begani, akakataa kuketi mpaka apate jibu: "Mwanetu, umekuja kutusalimu sisi au umekuja kuisalimu hosteli?" Nikamweleza kwamba nikilala kwake, familia tatu za jirani hazitanisalimu kwa moyo mmoja. Alifikiri kidogo, akacheka, akaushusha mkungu, akasema kwamba hata yeye asingependa kusikia nimelala kwa fulani. Hapo ndipo nilipoona thamani ya mahali hapa. Hosteli ya kanisa si nyumba ya mtu, lakini pia si nyumba ya kigeni. Mshirika yeyote huingia getini bila kuona haya, akaketi barazani kana kwamba ana hisa katika benchi lile, na pengine anayo kweli, maana wengi wao walichangia mabati. Katika gesti ya mjini mzee yule angesimama nje ya geti akimtuma mlinzi aniite.

Kuhusu wageni wa mgeni, utaratibu wa hosteli ni mzuri lakini haukuelezwa popote. Kila anayekutembelea anakaribishwa chai, nawe unaandikiwa chupa ya chai moja badala ya kuhesabiwa vikombe. Bei ya chupa ni ya haki. Tatizo ni kwamba sikuambiwa mpaka nilipoletewa hesabu, na mtu aliyezoea kuona chai ya kanisani ikitolewa bure angeweza kudhani anadanganywa. Karatasi moja iliyobandikwa mapokezi ingemaliza jambo hilo. Mapokezi yenyewe yana meza, daftari la wageni na dada mmoja mpole ambaye ni mwanakwaya, na kwangu alikuwa bora kuliko taarifa yoyote ya ushirika: kabla sijaenda kumpigia hodi mtu yeyote alinieleza nani amefiwa, nani amehamia Mbeya kwa mtoto wake, nani haonekani tena kanisani na si busara kumuuliza mkewe. Sijui hoteli gani inatoa huduma hiyo. Bila maelezo yake ningeingia katika nyumba mbili nikiulizia marehemu.

Siku ya Jumapili hosteli ina kasoro inayochekesha. Kifungua kinywa huanza saa moja na nusu, na ibada ya kwanza huanza saa moja. Nilipolisema hilo nilipewa chupa ndogo ya chai na ndizi zilizofungwa kwenye karatasi, bila ubishi, lakini ni ajabu kwamba nyumba ya kanisa imepanga saa ambazo hazimfai anayekwenda kanisani. Wakati wa matangazo wageni tuliambiwa tusimame, nami nikasita, maana nusu ya waliokuwa wamekaa walinifahamu kwa jina. Katibu akaamua kwa niaba yangu: akasema yule si mgeni, ni wa kwetu aliyekwenda kutafuta. Kisha, kama inavyotarajiwa, akanikumbusha hadharani kwamba ujenzi wa nyumba ya mchungaji haujafika kwenye lenta. Anayerudi aandae bahasha mapema, kwa kuwa upendo wa namna hiyo una risiti yake.

Baada ya ibada ulifuata mnada wa mazao. Wasioujua wauone angalau mara moja: mikungu ya ndizi, debe za mahindi, mayai, kabichi na kuku waliofungwa miguu huuzwa mbele ya kanisa kwa sauti kubwa, na mtu hununua trei ya mayai, akairudisha mezani, ikauzwa tena, hata trei moja ikaingiza fedha ya trei nne. Mimi nilimnunua jogoo mwekundu kwa bei ambayo sokoni ingenipatia wawili, kwa sababu aliyeshindana nami alikuwa mwenyekiti wangu wa zamani wa kwaya na hakuwa na nia ya kunihurumia. Nikabaki na jogoo mkononi na hosteli isiyo na banda.

Hapo jiko lile nililolilalamikia lilijikomboa. Mama mpishi alimpokea jogoo mlangoni, akampima uzito kwa kumwinua, akaniuliza watu wangapi watakula na kama ndizi za yule mzee bado ziko stoo. Alifurahi dhahiri kusikia kwamba ni zaidi ya kumi, kwani sasa alikuwa na kundi la kupikia. Jioni ililetwa barazani mbalaga iliyopikwa pamoja na jogoo katika sufuria moja, mchuzi mzito, ndizi zimelainika pembezoni na kubaki na kiini kigumu kidogo kama inavyopaswa, na sahani za kutosha bila mtu kuhesabiwa. Nilitozwa mafuta, viungo na kuni tu. Nyumba zile kumi, kila moja ikiwa imetuma mtu, zilikula pamoja mahali ambapo hakuna aliyekuwa mwenyeji wa mwenzake, wakaimba, wakaomba, wakaulizana habari za mashamba ya chai na bei ya maparachichi. Walipoondoka wakishukuru, "ndaga fijo" zao zilielekezwa kwanza kwa mama mpishi, kisha kwangu.

Kasoro iliyoniudhi kweli ilitokea kabla ya hapo. Niliporudi Jumamosi mchana kutoka kuwatembelea wagonjwa nilikuta begi langu limehamishiwa chumba kingine, kwa sababu kundi la semina lilifika na chumba chenye vitanda vitatu kilihitajika. Sababu ilikuwa ya haki, na chumba kipya kilikuwa kizuri zaidi, kikiangalia migomba. Lakini hakuna aliyenipigia simu, ingawa namba yangu ilikuwa kwenye daftari, na kuingia chumba cha mtu na kukusanya vitu vyake akiwa hayupo si jambo linalorekebishwa kwa kusema "samahani, tulikuwa na wageni." Msimamizi aliomba radhi nilipomfuata, ila alionyesha kwamba kwake mshirika ni mtu wa nyumbani anayeweza kusogezwa. Nadhani hosteli inabidi ichague: mtu anayelipa ni mgeni, hata kama baba yake alichangia mabati.

Bei niliyolipa ilikuwa shilingi 25,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, na kwa fedha hiyo sina la kunung'unikia. Geti hufungwa saa nne usiku, pombe hairuhusiwi, na intaneti ni ile ya simu yako. Mtalii anayetaka kupanda hadi Ziwa Ngosi au kuona Daraja la Mungu atapata mahali panapomfaa zaidi, penye mtu wa kumpangia safari na maji ya moto yasiyotegemea kuni. Familia yenye watoto wadogo iombe chumba kilicho mbali na bwalo, kwa kuwa makundi ya semina huimba hadi usiku. Mtu aliyehama, ambaye ushirika wake bado unamhesabu, hatapata hapa mjini mahali panapomfaa kuliko hapo, mradi aseme mapema anachohitaji na asitegemee kwamba kuna aliyekiandika.

Kwa Pasaka nafasi iombwe kabla ya Kwaresima kuanza. Wamoravian husali alfajiri ya Pasaka makaburini, desturi iliyoanzia Herrnhut mwaka 1732, na waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko hurudi kwa wingi kwa ajili ya ibada hiyo, kwa kuwa wazazi wao wamelala huko. Vyumba hujaa mpaka watu wakalazwa kwenye magodoro bwaloni. Simu ipigwe siku za kazi, maana Jumapili haipokelewi mpaka mnada uishe. Malipo ya awali yatumwe kwa namba ya ofisi badala ya namba ya mhudumu, na kabla simu haijakatwa mwombe dada wa mapokezi akusomee alichoandika daftarini, pamoja na namba ya chumba.