Kola laini ya shingo: uzoefu wangu baada ya wiki mbili

Niliinunua kwa ajili ya neva iliyobanwa kati ya pingili za C6 na C7 (mifupa ya sita na ya saba ya shingo), ile inayoshusha maumivu begani hadi mkononi na kuacha ganzi kwenye kidole cha kati. Ni kipande cha sponji kilichovishwa soksi ya pamba, kinafungwa kwa velkro kisogoni. Naipa nyota 3 kati ya 5.

Kwanza, haifungi shingo. Ukiivaa bado unageuka na kuinama, karibu kama kawaida. Inachofanya ni kupokea sehemu ya uzito wa kichwa, ambacho kina kilo 4 hadi 5, kutunza joto, na kukukumbusha usigeuke ghafla.

Kosa la wengi ni kupima mzunguko wa shingo peke yake. Kinachouma au kuponya ni kimo. Kaa wima, tazama mbele, kisha chukua futi ya fundi cherehani upime kutoka chini ya kidevu hadi kwenye kishimo kilicho kati ya mitulinga miwili. Mimi nilipata sentimita 8; dukani nilipewa ya 10 kwa maelezo kwamba "zote ni sawa". Si sawa hata kidogo. Kola ndefu inasukuma kidevu juu, kichwa kinalala nyuma, na vitundu vinavyopitisha neva vinazidi kuwa vyembamba. Ganzi ikiongezeka dakika chache baada ya kuivaa, shuku kimo kabla ya kulaumu diski, ule mto ulio kati ya pingili. Fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, alinionyesha kuigeuza, velkro ije mbele, ili upande mfupi ukae chini ya kidevu na shingo iiname kidogo. Mkono ulitulia siku hiyo hiyo. Ikishafungwa, kidole kimoja kipite kwa urahisi kati ya kola na ngozi, na kumeza mate kusiwe kazi.

Niliivaa kwenye daladala na mezani kwa kompyuta, nikiivua kila baada ya saa moja au mbili kugeuza shingo taratibu kulia na kushoto. Usiku niliiweka kando nikatumia mto mmoja. Ukiivaa kutwa kucha, misuli inazoea kubebwa, inalegea, na siku ya kuivua shingo inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Usiendeshe gari nayo. Kugeuka kikamilifu kutazama pembeni ni shida.

Isitumike kwa majeruhi wa bodaboda anayelalamika shingo. Huyo ashikwe kichwa kwa mikono miwili kisitikisike mpaka wenye kola ngumu na ubao wafike. Na ukiona mikono yote miwili inadhoofika, vifungo vya shati vinakushinda, miguu inayumba au mkojo unakutoka, hiyo si ya kola. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana uti wa mgongo wenyewe, ule mshipa mkuu wa neva ndani ya pingili, unabanwa.

Kwa joto la Dar, soksi inaloa jasho kufikia saa sita mchana na ngozi ya chini ya kidevu inaanza kuwasha. Nunua soksi 2. Fua kwa mkono kwa sabuni ya kipande, anika kivulini. Sponji usiikamue, inabonyea. Velkro hunasa nywele na nyuzi za ushungi mpaka inaacha kushika, lakini mswaki mkavu wa zamani unairudisha. Dukani bonyeza sponji kwa kidole gumba uachie: isiporudi mara moja, waachie wenyewe.