Mod Podge ao kole nyeupe ya ba menizie? Nimezipima zote mbili hapa Lubumbashi

Ba mama na ba dada, kila mara mtu ananiuliza: hii chupa ya Mod Podge, kole ya dekupaji yenye tunaona mu video za ba Marekani, tuinunue kweli ao tunatajirisha tu ba muzaji? Nitasema mbele kabisa mawazo yangu, alafu mwenye haraka aende zake: ni kole nzuri, si uongo, lakini kazi nyingi zenye watu wanaifanyia hapa mjini, kole nyeupe ya mbao inazifanya vilevile, na makuta yenye inabaki afazali uyapeleke ku verni, ile ya kupaka juu kulinda kazi. Kuko kazi mbili tatu tu zenye chupa ile inastahili bei yake, nazo nitazitaja.

Kwa mwenye hajafanya dekupaji: unakata picha ya karatasi, unaibandika ku kitu chako, kopo, sinia, sanduku, mlango wa kabati, alafu unapaka tabaka juu ya tabaka mpaka kidole kikipita hakisikii tena ukingo wa karatasi na mgeni anazani umechora kwa mkono. Mu Venice miaka ya 1700 mafundi walikuwa wanafanya vile ku makabati ili yafanane na yale ya verni nyeusi ya bei kali yenye ilikuwa inatoka Uchina na Japani. Toka zamani hii ni kazi ya kuonekana tajiri na makuta kidogo, na mimi njo sababu naipenda, siwezi kudanganya.

Mod Podge yenyewe ilitengenezwa Marekani mwaka 1967 na mama mmoja anaitwa Jan Wetstone. Kisa chake ni kwamba kole na tabaka ya kufunika juu ziko pamoja mu chupa moja, hauhitaji kununua vitu viwili. Ni nyeupe ikiwa mbichi, ikikauka inakuwa wazi. Kuko ya kungaa, Gloss, na ya kutokungaa, Matte, na zingine nyingi za kazi zingine. Huku kwetu inafika kupitia Afrika Kusini na Zambia mpaka Kasumbalesa, ao mu valizi ya shangazi mwenye ametoka safari, na ukiongeza njia yote ile ku bei utaelewa kwa nini kwa bei ya chupa moja tu ninapata ndoo ndogo ya kole ya mbao na makuta ya mkate inabaki.

Kole ya mbao unaijua, ile nyeupe ba menizie, mafundi wa mbao, wanatumia ku viti na vitanda. Iko nzito kupita Mod Podge, kwa hiyo unaipunguza na maji, vipimo vitatu vya kole kwa kimoja cha maji kwa karatasi ya kawaida, unakoroga polepole juu ukikoroga kwa nguvu mapovu yanaingia na yatabaki mu kazi yako. Ila angalia unanunua wapi. Kuko muzaji mmoja ku soko, simtaji, anapimia watu mu bushupa bwa maji ya kunywa na tayari ameiongeza maji yeye mwenyewe, unafika nyumbani unaongeza yako, unabandika, kesho karatasi imeinuka yote. Siku hizi ninaomba kijiti, ninachovya, ninainua: kole nzuri inashuka kama uzi, haikatiki matone matone. Akikataa kukupa kijiti, umekwisha kupata jibu.

Sasa tuje ku kazi zenyewe.

Kopo ya maziwa ya unga, ile kubwa. Hii njo kazi ya kuanza nayo juu kopo iko bure na kila nyumba iko nayo. Osha na sabuni mpaka mafuta ya vidole itoke, sugua na papye vere (karatasi ya kusugulia) laini, paka rangi ya maji nyeupe mara mbili. Nyeupe, nasema, ao rangi ya mwanga sana, juu servieti ya karatasi ikilowana inakuwa inapitisha macho na chini ikiwa bluu ao nyekundu, maua yako yote yanapotea. Servieti ziko na karatasi mbili ao tatu zimebandana, wewe unataka ile moja ya juu tu yenye picha, zingine unavua. Usipovua, zile za chini zitaachana mu kole na juu itatengeneza tumbo.

Alafu njo saa ya roho kudunda. Unapaka kole kidogo ku kopo, unalaza servieti, unaweka kole juu katikati na penso (burashi) laini, unasukuma kwenda nje, katikati kwenda nje, hapana kurudi. Karatasi inakunywa, inafifia, inaota makunyanzi, na mkono wako utataka kuivuta ili inyooke. Acha! Ukivuta inapasuka palepale juu ya ua lenye ulipenda. Weka sasheti ya plastiki juu, pitisha kidole juu ya sasheti, kole haishiki plastiki, hewa inatoka pembeni. Makunyanzi madogo yatakayobaki yakikauka utayasugua na papye vere ya mwisho kabisa, ile laini, mkono mwepesi.

Hapa nilifanya kopo moja na Mod Podge na moja na kole ya mbao, nikaziweka pamoja ku dirisha la jikoni, mama mkwe hakuweza kutofautisha na mimi mwenyewe ninaangalia chini kwenye nilitia alama. Tofauti iko saa ya kufanya tu: Mod Podge inateleza zaidi, inakupa nafasi ya kusogeza, kole ya mbao inakamata haraka, na mwezi wa tisa na wa kumi, wakati wa joto letu lile, inakaukia ku penso mbele haijafika ku kopo. Mu masika iko kinyume, unaweka tabaka moja asubuhi na mangaribi bado inashika kidole. Kwa hiyo mu joto ongeza maji kidogo, fanya eneo dogo dogo, na kama unafanya servieti kubwa ya sinia nzima mara ya kwanza, hapo sikatai, Mod Podge inasaidia.

Kikwembe ku sinia ya mbao, hapo kole ya mbao inashinda bila mashindano. Kitambaa kizito kinataka kole nzito, bila maji ao na maji kidogo sana. Mbele ya yote lowanisha kitambaa cheupe, sugua pembe ya kikwembe chako, ikiacha rangi, kifue na ukikaushe kwanza, ao utaona nyekundu yote inaogelea mu sehemu nyeupe. Bandika, nyoosha na kadi ya simu ya zamani, acha ikauke, alafu njo unakata ukingo na wembe, si mbele, juu kitambaa kibichi kinafuata wembe na kinatoa nyuzi. Vipande vyenye fundi wa nguo anatupa, muombe, atakupa sasheti nzima na asante juu.

Foto za familia: hapa watu wanalia sana na kosa si la kole. Ukienda ku sekretaria kuchapisha, uliza mashine iko ya namna gani. Mashine ya wino wa majimaji, ukipaka tu kole, sura ya babu inakuwa ukungu, na Mod Podge pia itafanya vilevile, chupa ya bei haikuokoi. Omba ya leza, ao fotokopi ya kawaida, wino wake ni unga wenye umechomwa ku karatasi na maji haiutoi. Na usibandike foto ya kweli ile moja tu yenye iko ku albamu, tafazali, piga kopi.

Sasa kazi yenye ilinifanya niipende ile chupa, na ni kazi ya kwetu kabisa: sanduku la malakiti ya uongo. Sisi wa Katanga tumezaliwa tunaona ile jiwe ya kijani ya kweli, inatoka mu udongo wa shaba, wanatengeneza shanga, visahani vya majivu, misanduku, na ukitaka sanduku la jiwe la kweli lenye ukubwa wa kiatu jitayarishe kulipa. Mimi nilichukua sanduku la mbao la kawaida. Tabaka ya chini ni kijani ya mwanga inayovuta bluu, mara mbili, ikauke sana. Alafu unachanganya kijani nzito na Mod Podge Gloss, nusu kwa nusu, maji kidogo, unapaka eneo lenye ukubwa wa mkono, na palepale unachukua kipande cha karatoni chenye umepasua na mkono, si kukata na makasi, unakivuta mu rangi mbichi ukizungusha, nusu mviringo, nusu mviringo ingine inagongana nayo, jicho dogo pale katikati. Meno ya karatoni iliyopasuka haiko sawa, moja nene moja nyembamba, na njo hiyo inaleta mistari kama ya jiwe, juu mistari ya malakiti haikai sawa hata siku moja. Ukikata na makasi itaonekana kama mtu alichana nywele.

Nilijaribu hiyo na kole ya mbao pia, inawezekana, ila kijani inabaki na uvumbi uvumbi fulani, haina ule uwazi wa ndani. Mod Podge ilikauka ikawa kioo. Jirani aliinua sanduku akishangaa kuona jepesi. Kwa hiyo hapa pesa yake imelipwa.

Ukingo wa sanduku niliupiga nukta za zahabu na ncha ya kidole, bila penso, nilikuwa ninamfikiria Bela, yule mzee wa ile akademi ya uchoraji yenye Romain-Desfossés alifungua hapa hapa mjini mwaka 1946, alikuwa anachora na vidole tu na picha zake zimefika mbali. Na kwenye mlango wa kabati ya watoto nilitaka kufanya ndege na samaki za namna ya Pilipili Mulongoy, wa akademi ileile, lakini mkono wangu si ule, nikabandika servieti ya ndege nikajaza majani pembeni. Inapendeza, basi.

Mambo ya maji, sikilizeni muzuri juu hapa njo watu wanapoteza kazi. Mod Podge ya kawaida haivumilii maji, ikilowana sana inarudi nyeupe, na hata wenyewe wenye kuitengeneza wanasema iachwe wiki nne mpaka ikomae, na kwa vitu vya nje wanauza ingine. Hiyo haijafichwa, iko wazi. Kole ya mbao iko zaifu zaidi: ukiweka kikombe cha moto juu ya sinia inashika kikombe na inaacha duara. Kwa hiyo sinia yoyote, meza yoyote, iwe umetumia hii ao ile, lazima verni juu, tabaka tatu nyembamba, na ile ya maji, si ya mafuta. Ya mafuta inageuka manjano kidogo kidogo, ku mbao ya kawaida haina shida ila ku servieti nyeupe baada ya muda maua yanaonekana yamezeeka. Na sahani ya kula usifanye upande wa chakula, hata na verni, fanya chini ao usifanye.

Neno moja tena kwa wenye wako na makabati ya zamani za mababu yenye rangi ya mafuta: rangi za zamani zilikuwa na risasi, usisugue kavu mu nyumba na watoto wanacheza pale, lowanisha papye vere, fungua dirisha, vumbi uipanguse na kitambaa kibichi. Na rangi ya maji haishiki juu ya ile ya kungaa kama haujaisugua, itabanduka yote kama ganda.

Basi, kama ni mimi ninakupa makuta: ukifanya makopo, vyungu vya maua vya kuweka ndani, sinia za kikwembe, nunua kole ya mbao ya muzaji mwaminifu na verni ya maji muzuri. Ukitaka kuingia mu malakiti, ao mu servieti kubwa, ao unauza vyenye unafanya na mteja anaangalia karibu, tafuta Mod Podge Gloss, chupa ndogo, inatosha misanduku mingi juu unaichanganya na rangi. Matte sioni sababu ya kuinunua kwa bei ile, kole ya mbao na verni ya kutokungaa inafanya kazi ileile.

Shida yangu yenye imebaki ni verni yenyewe: kila magazini yenye nimeuliza wanauza mu ndoo kubwa ya ba menizie na mimi ninataka kopo ndogo. Mwenye anajua pahali, iwe komini ya Kamalondo, iwe ya Kenya, iwe ya Katuba, aniambie, nitakuja na kibushupa changu na kijiti changu.