Uzoefu wangu na huduma ya kupigiwa picha magari ya yadi

Nauza magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, mengi yakiwa Toyota: IST, Crown na Harrier. Wateja wangu wengi wanaanzia Instagram na WhatsApp kabla hawajakanyaga yadini. Nilipomlipa mpigapicha wa magari nilitaka jambo moja: mteja akipiga simu aulizie bei na siku ya kuja, siyo "bosi, nitumie picha za ndani".

Nimelipata. Kwanza, jamaa hapigi picha saa 6 mchana. Jua letu likiwa utosini gari jeusi linageuka kioo: unaona mawingu, ukuta na kivuli cha mpigaji, rangi yenyewe huioni. Anakuja asubuhi mapema au baada ya saa 11 jioni, analitoa gari kwenye msongamano, anarudi nyuma hatua kadhaa kisha anavuta kwa lenzi. Ukilisogelea sana na simu, pua inavimba na umbo linapotea.

Lakini picha zinazoniuzia magari ni zile zisizo na urembo wowote. Dashibodi inapigwa mara mbili: ufunguo ukiwa umezungushwa bila kuwasha injini, taa zote za tahadhari zinaonekana, kisha injini ikiunguruma, zimezimika, na kilomita zinasomeka. Anayejua magari anaelewa papo hapo kwamba taa ya injini haijachomolewa ili kuficha hitilafu. Kuna picha ya kashata za tairi, ya ubavu wa siti ya dereva (hapo ndipo panapochakaa kwanza), ya chini ya kapeti ya buti, na ya mwanya kati ya boneti na fenda. Wanunuzi wetu wamezoea tovuti za Japani, picha nyingi kwa kila gari na karatasi ya mnada yenye gredi, yaani alama ya hali ya gari. Ukiweka picha tatu za nje tu, watadhani unaficha kitu hata kama hufichi.

Tulipishana mara moja. Alifuta mkwaruzo wa bampa la Harrier kwa programu ya kuhariri, nikamrudishia ile picha. Mtu akitoka Morogoro kwa nauli yake akakuta mkwaruzo ambao hakuonyeshwa, ataanza kushuku mpaka giaboksi, na ana haki. Sasa kila mkwaruzo unapigwa kwa karibu na bei inapangwa ukiwa umehesabiwa. Wanaofika hawabishani tena juu ya bampa, wanaomba funguo wawashe gari.

Mawili ya kuangalia ukitafuta huduma kama hii. Mwambie akutumie picha WhatsApp kama faili, zikija kama picha za kawaida zinabanwa na maandishi ya kilomita yanafifia. Pia malipo ni kwa kila gari, kwa hiyo IST ya bei ya chini inayotoka haraka naipiga mwenyewe kwa simu, kwa mpangilio uleule. Crown na Harrier namwachia yeye.