Mbegu nzuri, karatasi ya maelekezo itupeni

Pakiti hii ya mbegu za mkrismasi niliinunua miaka 6 iliyopita, kwa hiyo mniwie radhi kwa kuchelewa kutoa maoni. Nilikuwa nangoja maua. Mimi ni fundi cherehani, na gauni silisifu mpaka mwenyewe alivae nimwone.

Ndani mna mbegu 10 na karatasi ya maelekezo. Mbegu sina neno nazo: ndefundefu, za kahawia zenye michirizi, ngumu kama kokoto, na hata moja haikuwa imetobolewa na mdudu. Shida ni karatasi. Inasema loweka saa 24, kisha panda. Nikaloweka. Kesho yake zikawa vilevile. Siku ya tatu, vilevile, zinalia ko ko ko nikizitikisa kwenye kikombe. Jirani yangu mmoja, mzee wa miti, akanicheka: "Mwanangu, hiyo usipoikwangua kwanza utaota mvi wewe kabla yake."

Basi nikachukua kipande cha msasa, nikasugua kila mbegu upande mmoja mpaka kahawia ikaisha na rangi ya krimu ikachungulia, nikazirudisha kwenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi 7 zilikuwa zimevimba zimekuwa kama mara mbili yake, laini ukizibonyeza. Mbili zilizokuwa kaidi nikazisugua tena. Ya kumi niliikwangua mpaka kwenye kiini ikaoza, hilo kosa ni langu. Ganda la mbegu hii halipitishi maji mpaka lichubuke, ndiyo siri yote, na muuzaji angeiandika kwa mstari mmoja tu.

Zilizovimba zilianza kuchomoza kabla wiki haijaisha. Tumieni viriba virefu, maana mzizi mkuu unakimbilia chini haraka, ukijikunja mche unadumaa. Na msizidishe maji. Mche mmoja ulilainika shina usawa wa udongo, ukalala kama uzi. Utafurahi utakapoona majani ya kwanza, mfano wa manyoya, yakijifunga jioni na kufunguka asubuhi.

Sasa kosa ambalo sisamehe. Karatasi inasema panda mita 2 kutoka ukutani. Mita 2! Mti huu ukikomaa unatandaza matawi kama mwavuli, upana unaweza kuuzidi urefu, na mizizi yake mingi inapita juujuu. Wangu niliupeleka mita 10 kutoka nyumbani. Shemeji yangu nilimgawia mche pamoja na ile karatasi, akaifuata neno kwa neno. Leo sakafu ya baraza yake imepasuka na mlango wa uani unakwaruza chini. Tukikutana haulizi hali, anauliza mti aukate nani.

Wanadai pia kwamba unachanua mwaka wa kwanza ukiutilia mbolea kila mwezi. Nilitia kwa miaka miwili, nikavuna majani matupu. Wa kutoka kwenye mbegu hata miaka 5 ni mapema. Nilipoacha mbolea na kupunguza maji ndipo ukatulia. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, kiangazi unakijua. Unapukutisha majani yote, na mke wangu mara ya kwanza alishashika panga akijua umekufa. Nikakwaruza gome kwa ukucha, chini kukawa kijani kibichi. Panga likarudi jikoni.

Halafu picha ya kwenye pakiti. Kwa miaka yote hiyo nilijua ndiyo maua nitakayopata, yale ya vikombe vyekundu. Kumbe ni kibobakasi, mti mwingine kabisa, ule ambao watoto hubonyeza vitumba vyake vikaruka maji! Ua la mkrismasi lina petali 5: nne nyekundu tupu, na ya tano imesimama, nyeupe kwa njano, ina madoa mekundu. Ukilitazama kwa karibu utadhani fundi aliishiwa kitambaa akamalizia kwa bitana. Lakini mti mzima ukiwaka, jani moja moja tu, nilifunga cherehani mchana nikaenda kukaa chini yake.

Nawapa nyota 3. Mbili nimezikata kwa ajili ya karatasi na picha, na moja kati ya hizo ni ya baraza la shemeji. Pakiti ya pili sina haja nayo: mti umeshatoa maganda, bapa, ya kijani, marefu karibu kama rula yangu ya kukatia, nangoja yakauke yawe meusi. Msasa ninao.