TAHADHARI: Anayeuza "Jazz Bass ya Mexico" Kariakoo. Mpiga besi nimepigwa

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Kuna jamaa anazunguka na magitaa ya besi ya mtumba. Anasema ni Fender Jazz Bass zilizotengenezwa Mexico, zimeshuka na kontena kutoka Japani pamoja na vyombo vya ukumbi uliofungwa. Mimi kaniingiza mjini kwa laki tisa na nusu. Nimesikia kuna kwaya mbili na bendi moja huku Sinza zinaongea naye sasa hivi, ndiyo maana sinyamazi.

Dukani hakupeleki, hana duka. Anakuita kwenye kibanda cha fundi spika nyuma ya Mtaa wa Congo, Jumamosi, saa saba mchana. Aliyewahi kupita Kariakoo Jumamosi anaijua ile hali: kila mlango una spika, huyu anatangaza madera, yule chaja za simu. Humo ndimo unatakiwa usikilize sauti ya gitaa. Spika ya inchi 15, kitufe cha besi kwenye ampu (kikuza sauti) kimefunguliwa mpaka mwisho, kila noti inatetemesha mabati. Ukiwa na kiu ya chombo kama niliyokuwa nayo mimi, unajaa.

Halafu jamaa anajua kupiga, si wa kubahatisha. Alinipigia rumba moja tamu mpaka fundi akaacha kuchomelea waya. Nimekuja kushtuka baadaye nikiitazama video niliyomrekodi. Dakika nne nzima mkono wake wa kushoto haukuvuka freti ya tano (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), na nyuzi alizogusa ni mbili tu, E na A. Kila nikinyoosha mkono, "Subiri kwanza kaka, malizia kusikia." Ilipofika zamu yangu ampu ikazimwa, eti imepata moto.

Jumapili nikaipeleka mazoezini. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili, sebene imeingia, nikapanda juu kwenye freti ya 12, mpiga kinanda akageuza shingo akaniangalia. Hakusema kitu. Nikajaribu tena, noti iko juu, inauma sikio. Nikakaza nyuzi upya kwa programu ya simu: nyuzi zikiwa wazi zote ziko sawa kabisa, ukibonyeza freti ya 12 mshale unakimbia kulia.

Nyumbani nikachukua tepu ya fundi seremala. Jazz Bass ya kawaida uzi una urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86.4. Freti ya 12 ni nusu ya njia, kwa hiyo kutoka kwenye kile kimfupa cha kichwani kinachopitisha nyuzi hadi freti ya 12 upate 43.2, na kutoka hapo hadi kwenye daraja, kile chuma cha mwilini zinapoishia nyuzi, upate hizohizo au kuzidi kidogo. Juu nilipata 43.2. Chini, 41.9. Na vile vitandiko vya daraja, vipande vidogo ambavyo nyuzi hulalia, vilikuwa vimeshavutwa nyuma mpaka mwisho wa skrubu, hakuna pa kwenda. Aliyelifunga daraja alilifunga karibu mno na shingo. Kwenye freti tano za kwanza kosa hilo ni dogo, kelele za Congo zinalimeza. Kadiri unavyopanda ndivyo linavyokua. Jamaa alikuwa anajua mpaka wa kupigia, na video ninayo.

Nikaendelea kuchimba. Jazz Bass ina pikapu mbili (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi) na vitufe vitatu: sauti ya pikapu moja, sauti ya nyingine, na toni. Ukifungua sauti zote mbili mpaka mwisho, ule mvumo wa umeme unatulia kwa sababu pikapu zimesukwa kinyume. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Yangu ilivuma vilevile nifanye nisifanye. Nikashika bisibisi, nikaisogeza kwenye pikapu ya shingoni: ikavutwa na sumaku, nikagonga kidogo, spika ikaitika tok. Ya darajani bisibisi haikuvutwa na spika ikanyamaza. Nikafungua skrubu nne. Ndani kuna kifuniko kitupu kimejazwa gundi nyeupe ya mbao, hakuna hata uzi mmoja wa shaba. Na kwenye ukuta wa lile shimo, chini ya rangi nzuri ya kahawia inayofifia kuwa njano, matabaka ya plaiwudi yamepangana kama keki.

Plaiwudi si dhambi, nimewahi kupiga besi ya plaiwudi miaka mitatu kanisani na ilikuwa na sauti nene tu. Angeniambia ni ya Kichina, laki mbili na nusu, huenda tungeelewana. Shingo yenyewe haikupinda, nimeipima kwa jicho moja kama ubao. Ila ncha za freti ni kali, zinachana kiganja, na nembo ya kichwani ilianza kubanduka kwa ukucha wa dole gumba.

Namba ya kichwani isikudanganye. Inaanza na MX, niliitafuta intaneti kabla ya kulipa, ikaleta besi halali yenye picha na mwaka. Halali kweli, ila ni ya mtu mwingine. Namba inanakiliwa kama ilivyonakiliwa nembo.

Pesa ilikwenda hivi: laki mbili za kushikia mzigo kwa simu, na jina lililotokea ni la mwanamke ("laini ya mke wangu hiyo"), zilizobaki taslimu, bila risiti. Hapo nilijikaanga kwa mafuta yangu, nakubali. Jumatatu nilipompigia akasema besi mpya mkononi inataka kuzoeleka. Jumanne hapatikani. Nikarudi kibandani, fundi anaapa yeye hukodisha spika tu kwa elfu kumi. Nimechukua RB (namba ya taarifa ya polisi) kituoni, na namba yake ya simu nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu.

Ukikutana naye, mwambie unataka kuisikia bila umeme, pembeni, penye utulivu. Weka kidevu kwenye pembe ya juu ya mwili wa gitaa upige uzi mmoja. Besi nzuri utaisikia mpaka kwenye taya na noti inakaa. Ile yangu inakufa upesi kama umegonga meza. Kisha panda mwenyewe freti kwa freti hadi mwisho, nyuzi zote nne. Akianza "subiri kaka", ondoka.

Picha zake utazitambua: besi imelazwa juu ya zulia jekundu lenye maua meupe, pembeni unaonekana mguu wa kochi. Jana kaweka nyingine, nyeupe, zulia ni lilelile. Mwenye miadi naye Jumamosi hii aniandikie pembeni, nitamsindikiza. Tepu na bisibisi ninavyo.