Uzoefu wangu wa miezi minane na programu ya asili ya maneno ya Kiingereza

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za forodha na bima, na neno "tariff" limepita mikononi mwangu mara nyingi bila kunishughulisha, kwa kuwa kila mara niliandika "ushuru" nikaendelea. Nilipolipia kwa mwaka mmoja programu ya simu inayoeleza etimolojia ya maneno ya Kiingereza, hilo ndilo neno la kwanza nililotafuta, kwa kuijaribu tu. Nikakuta kwamba Waingereza walilipata kutoka kwa Waitalia, na kwamba shina lake ni neno la Kiarabu "taarif", yaani kujulisha, kwa sababu ilikuwa orodha ya kuwajulisha wafanyabiashara viwango vya kulipa. Kumbe taarifa yetu ya habari na ushuru wao wa bandarini ni ndugu.

Tangu siku hiyo nimeitumia zaidi kuwatafuta ndugu wa namna hiyo, na hapo ndipo programu hii inapostahili fedha zake. Maelezo ya "magazine" ni mazuri kupita yote: Waarabu walikuwa na "makhazin", maghala ya kuhifadhia bidhaa, neno likapita Italia na Ufaransa, likafika Uingereza likiwa na maana ya ghala, hasa ghala la baruti, kisha mwaka 1731 Edward Cave wa London akaliweka kwenye jina la gazeti lake, The Gentleman's Magazine, kwa maana ya ghala la maandishi ya kila aina. Shina hilohilo ndilo lililotupa sisi "hazina". Vivyo hivyo "zero" na "cipher" yote mawili yametokana na "sifr" ya Kiarabu, yenye maana ya kitu kitupu, ambayo mwanahisabati Fibonacci wa Pisa aliiandika kwa Kilatini "zephirum" mwaka 1202. Sifuri yetu haikuhitaji mzunguko huo.

Maneno yasiyo na uhusiano na pwani yetu yameelezwa vizuri pia, ingawa kwa ufupi. "Muscle" ni panya mdogo wa Kilatini, kwa jinsi msuli unavyocheza chini ya ngozi. "Nice", ambalo leo ni mzuri, lilimaanisha mjinga, ilhali "silly", ambalo leo ni mpumbavu, lilimaanisha mwenye heri. Inaonekana maneno hayo mawili yalipishana njiani.

Kasoro yake ni kupenda hadithi tamu. Chini ya "salary" iliandika, bila kusita, kwamba askari wa Kirumi walilipwa mshahara wa chumvi. Ni kweli kwamba neno linahusiana na chumvi, lakini hakuna maandishi ya Kirumi yanayothibitisha malipo hayo. Chini ya "posh", yaani cha kifahari, inasimulia kwamba ni herufi za kwanza za "port out, starboard home", zilizopigwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kwenda India, wakipewa vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi ili kulikwepa jua, ingawa hakuna tiketi ya namna hiyo iliyowahi kuonekana. Kilichoniudhi zaidi ni "safari", ambalo wamelihesabu kuwa neno la Kiarabu lililoingia moja kwa moja katika Kiingereza, kana kwamba Waingereza wa karne ya 19 hawakulisikia kwa Waswahili waliowaongoza kutoka pwani kwenda bara.

Kiufundi sina malalamiko makubwa: inafanya kazi bila intaneti, haina matangazo na utafutaji wake ni wa haraka, ila maandishi ni madogo mno kwa macho ya mtu wa umri wangu. Ninampendekezea mtafsiri au mwalimu, mradi aihakiki kwa kamusi nyingine kila inapomsimulia kisa kinachochekesha.

Niliwaandikia watengenezaji wake kuhusu makosa yote matatu. Baada ya wiki tano "salary" ilirekebishwa, na "safari" sasa imeandikwa Kiswahili kwanza, Kiarabu baadaye. "Posh" bado iko melini.